Kwa Vifundo vya Miguu

Ndege ni kuukuu, mabawa juu ya mabawa,
inanuka mafuta na jasho la waliopanda jana.
Chini, alizeti za Alföld zimetupa kisogo zote pamoja
kana kwamba zimeambiwa tusitazamwe.

Piroska ameandika majina kwa chaki mlangoni:
yeye juu kabisa, Gergő wa pili, mimi wa tatu.
Wa nne ni Dezső siku zote, lakini Dezső ana goti.
Wa nne ni Lőrinc.
Hakuniuliza. Miaka thelathini aling'oa meno ya mji mzima,
hajazoea kuomba ruhusa.

Miezi kumi na minne sijasemezana na ndugu yangu,
tangu alipouza mizinga arobaini ya baba
kwa mtu wa Kecskemét,
udongo wa kaburi haujanywa hata mvua moja.

Wengine huruka ili waanguke,
dakika nzima mashavu yakipepea mbele ya kamera.
Sisi tunahesabu tatu, tunafungua,
kisha tunaanza kutafutana.

Miguu ya Piroska inampokea Gergő.
Miguu ya Gergő inanipokea mimi.
Nanyoosha yangu katika utupu
na kungoja.

Anatokea kushoto, chini, rangi ya chungwa,
kitambaa kimevimba kama shavu la mtoto anayepuliza uji.
Anakuja kasi.
Kisu kipo kifuani pangu, nakigusa kwa mawazo tu,
maana mwavuli huo ukinifunika hautakuwa mwavuli tena,
utakuwa sanda,
na yule aliye ndani yake atashuka nami.
Lőrinc, breki.
Lőrinc, tangu utotoni breki zako huja baada ya ukuta.

Anasimama.
Shubiri moja kutoka kwenye muundi wangu, kitambaa kinahema.
Hapa mtu hadaki. Hapa mtu hupokea.
Napenyeza mguu wa kushoto kati ya kamba, kisha wa kulia,
nakunja nyayo.

Ukishikwa, shikamana, walisema wahenga,
hawakusema kwa miguu,
hawakusema na mtu usiyemtaka mezani.

Sasa uzito wake wote wa hasira na mkate unanivuta viungo.
Anakohoa, na kikohozi kinapanda kambani
hadi kwenye mifupa yangu, kikavu, kile kile cha baba.
Nateremsha miguu taratibu, kamba zikiteleza kwenye soksi,
mpaka viatu vyangu vinatua mabegani pake,
kimoja kila upande wa kichwa.
Hatutazamani. Ni neema ya mpangilio huu:
mimi naona upeo wa macho,
yeye anaona viatu.

Wa tano. Wa sita. Wa saba anakosa, anazunguka, anarudi.
Wa nane.
Kivuli chetu kinapita juu ya alizeti kama ngazi iliyolala,
trekta moja inasimama,
dereva anashuka, anavua kofia, anasahau kuivaa.

Kisha Piroska anapaza sauti, na mnara unaanza kumeguka kutoka chini.
Nane, saba, sita, tano.
Nafungua nyayo.
Nilidhani kumwachia kungekuwa na kishindo.
Ni kama kuvua ndala.

Nyasini anakusanya kitambaa chake kwa mikono miwili
kama mtu aliyewahi nguo kambani kabla ya mvua.
Anapita karibu yangu. Anapunguza mwendo.

"Soli yako ya kushoto imeachia.
Nina gundi garini."

Gundi gani, namuuliza, na sauti yangu inanishangaza.

"Ya nyuki. Ya baba.
Kopo moja sikuuza."

Hiyo haishiki kiatu, namwambia,
lakini naongea na mgongo,
keshaanza kwenda kulileta.